Nilivyoifanya Raspberry Pi yangu isife kila umeme ukikatika

Nimehangaika na hii kompyuta ndogo inayoniendeshea pampu ya maji miezi kibao na nimeua memori kadi mbili na pampu nusura iungue, kwahiyo naandika yote.

Nakaa Tabata, Dar. Maji ya bomba kwetu huja usiku wa manane, yanaingia tanki la chini alafu pampu inayapandisha kwenye simtanki juu. Ilikuwa lazima mtu aamke saa nane usiku awashe pampu akae macho mpaka lijae, usingizi ukikupitia unaamka uwanja mzima umelowa. Nikachukua Raspberry Pi 4 nikaweka Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani) kwenye kadi ya GB 32, juu ya tanki nikafunga sensa ya mawimbi ya sauti inayopima maji yako umbali gani, na pampu nikaipitisha kwenye swichi ya wifi.

Wiki tatu tulilala raha. Alafu siku moja umeme ukakatika ukarudi mara tatu ndani ya nusu saa, Pi haikuwaka tena, kadi kuichomeka kwenye laptop haisomi kabisa. Nikaweka nyingine, nayo miezi miwili tu.

Kumbe Home Assistant inaandika kila badiliko kwenye databesi yake, na mi sensa nilikuwa nimeiacha inatuma kipimo kila sekunde, usiku na mchana. Kadi inachoka haraka, na umeme ukikata katikati ya kuandika mafaili yanaharibika. Nikahamia SSD (diski inayovumilia kuandikwa kuliko kadi) ya GB 120 kwenye USB (Pi 4 inaweza kuwakia huko bila kadi), sensa nikaiambia itume kila sekunde 30, na kumbukumbu ambazo kawaida hukaa siku 10 nikazipunguza zikae 5.

Na chaji jamani! Nilikuwa natumia chaji ya simu ya 2A wakati Pi 4 inataka 5V 3A, ndo maana ilikuwa inatoa onyo la umeme mdogo kila saa nikawa nalipuuza. Sasa hivi nina betri ya 12V 7Ah, zile za alamu, na chaja yake, inapita kwenye kikonveta cha kushusha mpaka 5V, Pi na ruta zote zinakula hapo. Umeme ukikatika zinakaa kama masaa manne.

Ila kilichonitisha zaidi ni pampu. Usiku mmoja mwanangu kaja kunigongea, "Baba, maji yanamwagika," nikaangalia simu inasema pampu imezimwa. Nikashuka nikaikuta inanguruma! Nikachomoa soketi. Asubuhi fundi umeme kaifungua ile swichi, vile vibati vya ndani vimeshikana kama vimechomelewa. Akaniambia, "Kaka, hii ni ya 10A, pampu ya hp 1 ikiwa inaanza inavuta mara kadhaa ya hapo, we weka kontakta." Tukaweka kontakta, yaani swichi kubwa ya mizigo mizito inayovutwa na koili yake, swichi ndogo sasa inaamrisha hiyo koili tu, mzigo wa pampu haupiti kwake.

Nikabadilisha na kitu kingine ambacho naona ndo cha muhimu kuliko vyote: amri ya kuzima pampu nimeitoa kwenye Pi. Nimeiweka kwenye kibao kidogo cha wifi kinachoitwa ESP8266, kwa ESPHome (programu ya kukipa amri zake chenyewe), sensa na swichi ziko pamoja, kwahiyo hata Pi ife, hata wifi ikate, tanki likijaa pampu inazima. Umeme ukirudi inaanza ikiwa imezimwa, isijiwashe yenyewe. Na ile sensa yangu maji yakiisogelea chini ya sentimita 20 hivi inaanza kusoma uongo, inakwambia tanki tupu wakati limejaa, kwahiyo nazima pampu zikibaki sentimita 30 maji yaifikie sensa. Boya la zamani fundi alitaka kulitoa nikakataa, limebaki pale pale.

Bakapu naihamishia kwenye laptop kila Jumapili. Sahivi mama watoto anaangalia maji kwenye simu akiwa kitandani, haniamshi. Bado tanki la chini halina sensa, pampu inaweza kuzunguka bila maji ikaungua, mwezi huu ndo naanza hiyo. Kama kuna mtu kafunga sensa ya presha kwenye tanki la chini anieleze inadumu vipi na tope la maji yetu.