Rangi kwenye teminali, na mzee asiyeiona nyekundu

Jumatatu moja asubuhi, Moshi, Kibo iko wazi kabisa hadi unasema leo siku itakuwa nzuri, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo huwa nawashikia kompyuta zao akanipigia. "Kijana, bakapu ya jana ipo?" Nikamjibu ipo mzee, bila hata kuangalia. Nimefika dukani nakuta haipo, ya juzi haipo, siku tisa hakuna kitu, diski ya nje ilishajaa zamani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba skripti yangu, lile faili la amri zinazotengeneza bakapu, ilikuwa inasema. Kila jioni dada wa kaunta anabofya ikoni, dirisha jeusi linafunguka, linashuka mistari kama mia tatu hivi ya majina ya mafaili, na humo katikati kuna mstari mmoja unasema diski imejaa, mweupe kama wenzake wote, nani atauona? Dada anasubiri ikitulia anafunga anaenda kwao Pasua. Mimi mwenyewe nisingeuona.

Basi nikasema hii kitu naipaka rangi.

Kwa wasiojua, rangi kwenye teminali, yaani hilo dirisha la amri, sio uchawi na wala haihitaji programu ya ziada. Ukiandika kitu kwenye sheli, programu inayopokea amri zako (simaanishi sheli ya mafuta), yale maandishi yanaenda kwa teminali herufi moja moja. Sasa kuna herufi moja haionekani, namba 27, ndio ile ya kitufe cha Esc, na kwa hesabu ya okta, ile ya msingi wa nane, inaandikwa 033. Teminali ikiiona hiyo ikifuatiwa na mabano ya mraba inajua kinachofuata sio cha kuandika, ni maagizo. Ni kama konda anavyogonga bodi ya hiace, abiria anasikia kishindo tu lakini dereva anajua hapo shusha. Kwa hiyo hii:

printf '\033[31mBAKAPU IMEFELI\033[0m\n'

inasema: kuanzia hapa nyekundu, andika, halafu rudi kawaida. 30 mpaka 37 ni rangi za maandishi (31 nyekundu, 32 kijani, 33 njano), 40 mpaka 47 ni za nyuma ya maandishi, 1 inakoleza, 4 inapigia mstari, 7 inageuza, yaani nyuma inakuwa mbele. Ukitaka mbili unatia nukta mkato katikati, 1;31. Zipo pia rangi 256 na hata milioni kumi na kitu, ila duka la misumari na saruji halizihitaji.

Mambo haya ni ya zamani kuliko mimi. Kampuni ya DEC ya Marekani ilitoa teminali yake ya VT100, enzi hizo teminali ni mashine nzima yenye skrini na kibodi, mwaka 1978, na hilo dirisha jeusi unalofungua leo bado linajifanya mtoto wa VT100. Cha kuchekesha VT100 yenyewe haikuwa na rangi! Ilikuwa na kukoleza, mstari chini, kugeuza na kuwakawaka, rangi zikaja na mashine za baadaye kwa utaratibu uleule wa namba.

Haya, sasa aibu zangu. Ya kwanza nilitumia echo -e, amri nyingine ya kuandika kwenye skrini, kama nilivyozoea, kwangu nyumbani ikapendeza, nimeipeleka dukani inaandika "-e BAKAPU IMEFELI", kale ka -e kamekaa mbele kama mtu aliyekuja msibani kwa ajili ya pilau. Kumbe ile ikoni inaendesha skripti kwa sheli inayoitwa sh, na kwenye Ubuntu, mfumo wa kompyuta za dukani, tangu 2006 sh yao sio bash niliyoizoea, ni sheli nyingine, dash, na echo ya dash haijui -e ni nini, inaiandika tu. Tangu siku hiyo natumia printf na sijawahi kujuta.

Ya pili nilisahau ile \033[0m ya mwisho. Usipoifunga rangi haijifungi, inaendelea kwa kila kitu kinachofuata, majina ya mafaili, saa, mpaka pale unapoandika amri. Dada akanipigia anatetemeka, "kaka njoo, mashine imepata kirusi, imekuwa damu tupu". Nikamwambia aandike reset agonge enta, ikatulia, lakini toka siku hiyo ananiangalia kwa jicho fulani.

Ya tatu ndio iliyonifundisha haswa. Nikataka kila jioni anitumie matokeo kwa WhatsApp, nikaweka tee ili yaende skrini na kwenye faili kwa wakati mmoja. Faili limekuja limejaa takataka, [31mIMEFELI[0m, [32mSAWA[0m, maana faili halina dereva, konda anagonga bodi ya gari lililopaki. Nikasoma kwamba unatakiwa uulize kwanza kama upande wa pili kuna teminali, kwa [ -t 1 ], kama hakuna usitie rangi. Nikaweka. Rangi zikapotea kwenye faili, safi, na zikapotea kwenye skrini pia! Nimekaa na hiyo kitu nusu saa chai imepoa ndio nikaelewa kwamba ukishatia tee skripti haiongei tena na teminali, inaongea na bomba, njia inayopitisha maandishi toka programu moja kwenda nyingine, na bomba nalo sio teminali. Nikaitoa tee, nikaandika hivi:

if [ -t 1 ]; then
  NYEKUNDU=$(tput setaf 1)
  KIJANI=$(tput setaf 2)
  MWISHO=$(tput sgr0)
fi

sema() {
  printf '%s\n' "$2" >> bakapu.log
  printf '%s%s%s\n' "$1" "$2" "$MWISHO"
}

sema "$KIJANI" "SAWA: mauzo"

Faili linapata maneno matupu, skrini inapata rangi. Hiyo tput inakuulizia namba sahihi za teminali uliyonayo ili usizikariri, na skripti inasomeka hata ukirudi baada ya miezi sita umesahau kila kitu. Na kama ni programu ya kuwapa watu wengine, angalia pia kama mtumiaji ameweka NO_COLOR kwenye mazingira yake, yaani mipangilio ya sheli yake, akiweka ujue hataki rangi, muache.

Nikamwita mzee aone kazi. Nikamwonyesha, SAWA ya kijani, IMEFELI nyekundu, nikajipanga kusifiwa. Mzee kaangalia, kasogea, kavua miwani karudisha. "Sasa ile nyekundu ni ipi?"

Nikadhani utani. Sio utani, mzee nyekundu na kijani kwake zinafanana, zote anaziona kama udongo, anasema tangu shule ya msingi, na wanaume wengi tu wako hivyo hawasemi. Nikamuuliza sasa taa za barabarani mzee unafanyaje, akasema "nikiwa Dar natazama iliyowaka iko juu au chini". Miaka yote hiyo!

Kwa hiyo rangi nimeziacha kwa ajili ya dada, lakini iliyofeli nimeiongezea 7, inakuja imegeuka kama kibao, nikaihamisha mpaka mstari wa mwisho kabisa chini, na neno IMEFELI linabaki palepale kwa herufi kubwa. Njano nimeitoa kabisa, maana teminali nyingine zina nyuma nyeupe na 33 juu ya nyeupe hata mwenye macho mazima haioni.

Mzee akaridhika, ila akauliza haiwezi kuwaka na kuzima kama bodaboda ikitaka kukata kona. Nikafanya kosa la kusema ukweli, kwamba inaweza, ni namba 5, teminali nyingine zinaipuuza tu. Nikaombea ya kaunta iwe mojawapo. Haikuwa. Ijumaa diski ikachomoka waya, skrini ikawaka na kuzima mpaka nafika, nikakuta dada ameifunika na kalenda na anaendelea kuuza misumari.