Trela ya boti iliyokuwa ikinguruma

Tukiteremka na boti kutoka Kadutu, Bukavu, kwenda Ziwa Kivu, gurudumu la kushoto la trela lilianza kunguruma. Niligusa habu zote mbili, yaani vitovu vya magurudumu: ya kulia vuguvugu, ya kushoto haishikiki.

Nikapiga jeki, nikaweka magogo chini ya ekseli, nikachomoa pini na kufungua nati. Grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa. Hayo ni maji. Habu ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka; ukiizamisha ghafla ziwani, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji kupitia sili (mpira wa kuzuia maji) iliyochakaa. Maji ya Kivu hayana chumvi ya bahari, lakini chuma kinashika kutu vilevile.

Niliosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Roli za beringi ya ndani zilikuwa na vishimo vidogo vyeusi. Beringi ya namna hiyo ni ya kutupa, pamoja na kikombe chake, ile pete ya chuma ambamo roli huzunguka, kilichobana ndani ya habu. Fundi akitaka kukubakishia kikombe cha zamani, kataa kabisa. Grisi ya kustahimili maji niliisukuma kwa kiganja mpaka ikatokeza upande wa pili wa roli. Sili mpya, pini mpya. Nati niliikaza huku nikizungusha gurudumu, kisha nikailegeza kidogo tu, lizunguke bila kuchezacheza.

Ngurumo imekwisha. Siku hizi tukifika ufukweni tunasubiri habu zipoe ndipo trela iingie majini, hata abiria wakinung'unika.