Albamu ya roki bila lebo: pesa tulizipeleka kwenye ngoma

Sehemu kubwa ya bajeti ya albamu ya bendi yetu ilikwenda kwenye kurekodi seti ya ngoma (dramu), na hata leo ningeigawa vivyo hivyo. Studio nyingi za Nairobi zimejengwa kwa mwimbaji mmoja na biti ya kompyuta: kibanda kidogo, maiki moja nzuri, basi. Seti nzima ya ngoma ikibanwa humo chini ya dari fupi, mlio wa matoazi hugonga dari na kurudi kwenye kila maiki, na ukali huo hautoki tena wakati wa kumiksi. Tulikodi ukumbi wenye dari ya juu kwa ajili ya ngoma tu. Gitaa, besi na sauti tulirekodi nyumbani.

Kabla ya kulipia ukumbi, simama katikati upige makofi. Mlio ukidundadunda kwa haraka, kuna kuta mbili tupu zinazotazamana. Simamisha magodoro au tundika blanketi nzito upande mmoja. Paa la mabati lisilo na dari ndani liepuke Aprili na Novemba, miezi ya mvua. Ijumaa usiku kuna kesha, Jumapili kuna vipaza sauti vya makanisa, kwa hiyo tulichagua asubuhi za katikati ya wiki. Honi za matatu huwezi kuzikwepa kabisa, lakini ngoma za roki huzimeza.

Maiki zilikuwa nane: moja kwenye ngoma ya mguu, mbili kwenye sneya, ile ngoma ya mlio mkali (juu Shure SM57, nyingine chini), moja kwa kila tomu kati ya tomu zetu tatu, na mbili juu ya matoazi. Hapa ndipo wengi huharibu. Maiki ya chini ya sneya lazima igeuzwe polariti (wimbi lake la sauti lipinduliwe, juu liwe chini), la sivyo hizo mbili hufutana na sneya inabaki nyembamba. Zile za juu zipime kwa uzi kutoka katikati ya sneya. Umbali uwe sawa, sneya isije ikavutwa upande mmoja. Kisha sikiliza zote kwa mono, yaani zikiwa zimechanganywa kuwa sauti moja: mlio mzito wa ngoma ya mguu ukipotea, geuza polariti ya maiki za juu usikie tena. Ngozi mpya zifungwe siku moja kabla, kwa sababu hulegea na kushuka sauti zikianza kupigwa.

Tulirekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, vipimo vya ubora wa sauti ya kidijitali. Hiyo ni takriban megabaiti 69 kwa dakika kwa traki nane, kwa hiyo diski mbili za nje si anasa. Kompyuta na intafesi (kifaa kinachoingiza sauti za maiki kwenye kompyuta) viwe kwenye UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, faili linaweza kukataa kufunguka.

Kila gitaa lilipigwa mara mbili, moja kushoto na moja kulia. Usinakili traki moja na kuihamishia upande wa pili, maana hiyo haiongezi upana wowote. Pamoja na amplifaya, rekodi pia sauti kavu ya gitaa kupitia DI (kisanduku cha kuunganisha gitaa moja kwa moja na intafesi), ili mlio ukikuchosha uupitishe upya kwenye amplifaya. Mvumo wa umeme wa hezi 50 mara nyingi hupungua mpigaji akigeuka kidogo au taa yenye swichi ya kufifisha ikizimwa. Pini ya athi ya plagi usiikate kamwe.

Katika kumasta, hatua ya mwisho ya kusawazisha sauti ya albamu nzima, tulikataa kubana sauti kupita kiasi. Spotify husawazisha nyimbo hadi karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo albamu iliyobanwa hushushwa tu, na mapigo ya ngoma yakishapondwa hayarudi. Kilele tulikiacha desibeli -1.

Kuhusu mapokezi: redio za hapa hucheza roki kidogo sana, usizijengee mpango. Wahakiki wa nje husikiliza. Albamu ya kwanza ya Duma, kundi la watu wawili wa Nairobi, iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020, ilisifiwa sana nje. Wahakiki hao watumie kiungo cha faragha wiki kadhaa kabla ya siku ya kutoka, pamoja na picha moja na aya mbili zinazoeleza muziki. (Swali la “kwa nini roki Kenya?” litakuja tu. Jibu kwa ufupi.)

Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12, na nyimbo kumi hugawana wasikilizaji wachache. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali pamoja na ada ya malipo. Pesa huingia PayPal, na kutoka hapo unazihamishia M-Pesa. Asilimia za kila mwanabendi ziandikwe na kusainiwa kabla ya kujisajili kwenye vyama vya kukusanya mirabaha, kama watunzi na kama wapigaji.