Miwani ya mia tatu na taa ya M-Pesa

Nilitolewa mtoto wa jicho la kulia nikawekewa lenzi ya bandia. Upasuaji wenyewe hauna hadithi. Kasheshe lilianzia barazani kwetu Majengo.

"Hiyo si plastiki, bwana? Jua la Mombasa litapita likuunguze ndani." Mwengine akaapa itayeyuka. Nami na mvi zangu nikaamini. Nikanunua miwani nyeusi ti, mia tatu na ushei, nikawa naivaa hata baada ya magharibi, mpaka nilipokanyaga sinia la viazi karai la jirani. Nilimlipa vyote, na vilivyopona sikupewa.

Daktari alicheka. Lenzi za mwanzo, tangu daktari Mwingereza Harold Ridley alipopachika ya kwanza London mwaka 1949, kweli zilipitisha miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji wakaanza kuzichanganya na dawa ya kuinyonya, na yangu inayo. Hata lenzi niliyozaliwa nayo ilifanya kazi hiyohiyo. Ila lenzi iko ndani: kope na weupe wa jicho bado vyapigwa na jua. Halafu akaigeuzageuza miwani yangu. Giza bila kinga ya miale hiyo, akasema, huifanya mboni ipanuke, na miale ikapata mlango mpana.

Nikaenda kuipima kwa kijana wa M-Pesa, mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, inayotoa miale hiyohiyo. Mara ya kwanza nilivaa miwani yangu nikaitazama noti. Alama zote zimezimika! Nikashangilia mpaka wateja wakageuka.

"Babu, hilo ni giza tu. Hata nami sikuoni vizuri humo."

Akanivua, akaishika miwani kati ya taa na noti, tukachungulia kwa ubavuni. (Taa yenyewe usiikodolee macho.) Vinyuzi vya noti vikawaka, hafifu lakini vyawaka. Akaweka miwani yake mwenyewe, nyeupe kama maji. Zii! Noti ikabaki karatasi tu.

Nimenunua kama yake, elfu mbili hivi, mke wangu anajua elfu moja. Juani naongeza kofia ya ukili. Ile nyeusi amechukua mjukuu, anajifanya msanii.

Barazani nilisimulia mara moja tu, wakamiminika dukani kila mtu na miwani yake. Kijana sasa ameweka sharti: kupima ni bure, lakini toa pesa kwanza.