Siku yangu moja na piano ya Mto Njano

Saa 12 asubuhi nilikuwa tayari kwenye metro ya Guangzhou, China, nimepakata mkoba wa vifaa. Mimi ni fundi wa piano, na kazi yangu ni kulinganisha sauti zake, ingawa ndugu zangu Mombasa bado wanaamini kwamba mimi ndiye ninayepiga. Jioni hiyo watoto wanne, mkubwa wao akiwa na miaka 14, walikuwa wapige Konseto ya Piano ya Mto Njano pamoja na okestra, kila mmoja sehemu yake.

Kufikia saa 4 nilikuwa nimepitia nyuzi zote, zaidi ya 200, na noti ya A ya katikati imekaa kwenye hezi 442, yaani mitetemo 442 kwa sekunde, kama okestra ilivyotaka.

Mazoezi yakaanza. Muziki huu ulitokana na kantata, yaani utunzi wa kwaya na okestra, ambayo mtunzi Xian Xinghai aliitunga katika mji wa Yan'an, China, mwaka 1939, wakati wa vita dhidi ya Japani, na mwaka 1969 kikundi cha wanamuziki, akiwemo mpiga piano Yin Chengzong, kikaugeuza kuwa konseto. Sehemu ya mwisho, inayohimiza mto ulindwe, haimhurumii mtoto wala chombo, kwani mikono yote miwili hushusha oktava nzito mfululizo, yaani noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu, kwa pigo moja. Msichana wa miaka 14 alipofika hapo, waya ukakatika kwa mlio mkali, naye akaondoa mikono kana kwamba ameungua. Nilimwambia, “Hukukosea, mwanangu. Waya huchoka.”

Waya mmoja hupinda nyuma ya piano na kurudi mbele ukawa nyuzi mbili, kwa hiyo zilipotea mbili kwa mpigo. Kufunga mpya si shida. Shida ni kwamba chuma kipya hulegea kila baada ya dakika chache, na kukikaza sawasawa kunahitaji ukimya, maana ninasikiliza mawimbi madogo yanayotetema kati ya nyuzi jirani hadi yatulie kabisa. Ukimya haukupatikana. Mfagiaji alikuwa na mashine yake, mpiga filimbi ya mwanzi alirudia mwanzo wa sehemu ya tatu, na baba mmoja alikuja mara tano kuomba mwanawe akae kwenye piano “dakika mbili tu, fundi”. Mara ya tano nilimkatalia waziwazi. Alikasirika sana, lakini ningemkubalia, mtoto wake ndiye angeumbuka usiku. Chakula cha mchana sikukumbuka, na shingo ilikuwa imekakamaa.

Kabla ya watu kuingia nilikaza mara ya mwisho, kisha nikapima kiti cha mvulana mdogo kuliko wote, ambaye hufikia kanyagio kwa taabu.

Usiku nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza noti ile moja. Msichana alipiga zile oktava bila kujibana, na wimbo wa “Mashariki ni Nyekundu”, ule wa kumsifu Mao, ulipoingia mwishoni, noti ilikuwa safi. Ukumbi ulisimama kupiga makofi.

Walipotoka wote nilirudi jukwaani na ufunguo wangu wa kukazia nyuzi. Waya ulikuwa umelegea kidogo. Nikaukaza.