Si jina tu, dada

Bodaboda aliyenichukua stendi hakuhitaji maelekezo. Nilimwambia Metropole, akakata kona kabla sijamaliza kukaa vizuri. Njiani nikamuuliza kama anajua kwa nini pale paliitwa hivyo. "Si jina tu, dada."

Kijana ana miaka ishirini na kitu. Alikuwa hajazaliwa mimi nilipoondoka Arusha kwenda Kanada. Angejuaje kwamba Metropole ilikuwa sinema? Hata mimi niliijua zaidi kwa masimulizi. Rika letu lilikulia vibanda umiza vya Ngarenaro, tumebanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja na deki, sauti ya Lufufu ikitafsiri filamu za Kichina hadi adui anakufa kwa Kiswahili. Mara moja moja, sikukuu, tunapelekwa disko toto, tunarudi nguo zimejaa soda.

Aliyenifungulia macho ni mjomba. Nilimkuta Kaloleni kibarazani, kofia ileile, redio ileile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla chai haijaja nikamtupia swali: sinema ziliondoka vipi?

"Video," akasema. "Video iliua kila kitu."

Ni kweli, ila si yote, na tulibishana mpaka chai ikapoa. Majumba mengi ya sinema nchini yalikuwa ya Wahindi. Mwaka 1968 serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, nayo ikaja kushika uingizaji na usambazaji wa filamu. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na yaliyochukuliwa yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Miaka ya themanini fedha za kigeni zikawa adimu kama sukari. Filamu mpya utainunua kwa nini? Mashine ikiharibika, kipuri kitatoka wapi? Kwa hiyo kanda za video zilikuta mgonjwa yuko hoi. Televisheni ilipoanza Bara mwaka 1994 ilikuja kwenye matanga. Mjomba alisikiliza yote hayo, akatikisa kichwa. "Umesoma, mwanangu. Lakini wewe hukuwa kwenye foleni Jumapili, picha ya Kihindi, kina mama wameshalia kabla hata haijaanza."

Hapo sikuwa na la kujibu.

Lakini moyo wake hauko kwenye sinema. Uko kwenye dansi. Mwaka 1970, yeye kijana wa miaka ishirini na moja, ndugu wa Kinyonga walihamia hapa kutoka Tanga, ambako walikuwa wakipiga na Jamhuri Jazz. Wakaunda Arusha Jazz. Wilson na George, na ndugu yao William. Mjomba anavitaja vidole vya Wilson kwenye gitaa kama mtu anayemsifia mchezaji wa timu yake. Haukupita muda, mwaka 1971 wakavuka mpaka kwenda Kenya, na huko wakawa Simba Wanyika. Dunia nzima ya rhumba inawajua kwa jina hilo. Nilikuwa nawasikiliza kule kwenye baridi nikiamini ni wa Nairobi tu, kumbe mji wangu uliwashika mkononi, ukawaachia.

Kesho yake nikamwambia twende Makumbusho ya Azimio la Arusha, kwa miguu, maana si mbali. Watoto wa shule tunapelekwa pale, tunaambiwa Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, Januari 1967, Azimio, basi. Nilipita mle mara tatu utotoni bila kujiuliza jengo lilikuwa la kazi gani kabla. Lilikuwa jumba la jamii, la aina ile Waingereza waliyoijenga mijini ili watu wawe na pa kukutania: mikutano, masomo ya jioni, michezo, muziki. Makumbusho yakafunguliwa humo mwaka 1977.

Mjomba hakusimama kwenye picha za Mwalimu. Alikwenda hadi mwisho wa ukumbi, akageuka, akapima kwa macho. "Wapiga vyombo walikaa huku. Saksafoni pale. Sisi wenye viatu vya kuazima tulikaa karibu na mlango, ili dansi likiisha tukimbie kabla mwenye viatu hajaamka." Akacheka mpaka mtu wa makumbusho akatuangalia. Nilizungusha macho ukutani kutafuta angalau picha moja ya watu wakicheza. Siasa imepata ukuta wake, wa haki kabisa. Dansi halikupata hata msumari.

Sitaki kudanganya kwamba mji umekufa usiku. Kuna muziki kwa Mrombo moshi wa nyama ukipanda, kuna matamasha uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Ila kumbi zinazaliwa na kufa haraka sasa, na nyingi nilizoacha zimeota maduka. Nadhani mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda ilichangia kutudanganya: miaka ile wageni wana mishahara ya dola, kila mwenye kiwanja anajenga baa. Ilipofungwa mwishoni mwa 2015, wateja wakapanda ndege. Mambo haya hayasemwi sana vijiweni.

Moshi nako nilipita kumsalimia mama mdogo. Kwake Plaza, sinema ya kule, si jina tu. Alinionyesha kwa kidole akiwa ndani ya daladala, harakaharaka, kabla konda hajamwambia asogee.

Tulipotoka makumbusho mjomba aliniomba nisubiri. Akarudi ndani peke yake. Nikadhani amesahau fimbo. Kupitia mlangoni nikamwona amesimama pale aliposema palikuwa pa saksafoni, kofia mkononi, mguu wa kulia unagonga sakafu taratibu. Mtu wa makumbusho alikuwa na funguo tayari, lakini hakusema kitu.