Nilivyojifunza kuifuatilia tovuti yangu kwa arifa za barua pepe

Nina tovuti ndogo ya ufugaji nyuki ambayo nimeiandikia makala kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa mwisho kupata habari zake. Siku moja msomaji aliniuliza kama nilikuwa nimeruhusu makala yangu ya kurina asali ichapishwe kwingine bila jina langu. Nilipofungua kiungo alichonitumia, nikaikuta imo nzima, hata lile kosa la chapa la aya ya pili likiwa limebaki mahali pake. Jioni hiyo ndipo nilipofungua Google Alerts, huduma iliyokuwapo tangu mwaka 2003 na ambayo sikuwahi kuitilia maanani.

Kazi yake ni rahisi kueleza: unaandika maneno unayotaka yafuatiliwe, nayo inakutumia barua pepe yanapoonekana katika matokeo mapya ya utafutaji wa Google. Unachagua kuarifiwa papo hapo, mara moja kwa siku au mara moja kwa wiki, na unaweza kubana lugha, nchi na aina ya vyanzo. Ugumu uko katika maneno yenyewe. Jina la tovuti yangu lina neno mzinga ndani yake, nami kwa haraka zangu nikaandika neno hilo peke yake, na katika arifa ya pili mizinga, kisha nikaomba matokeo yote, tena papo hapo. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimesoma habari za viongozi waliopigiwa mizinga 21, za silaha kuukuu za makumbusho na za watu waliomaliza mzinga wa pombe kali kwa usiku mmoja. Za nyuki zilikuwa mbili, na mojawapo nilikuwa nimeiandika mimi.

Nilianza kusahihisha. Jina kamili la tovuti nililifunga ndani ya alama za kunukuu ili litafutwe kwa mpangilio ule ule, kisha nikaongeza maneno ya kuondolewa, kila moja likitanguliwa na alama ya kutoa iliyogandana nalo: jeshi, pombe, heshima. Kwa wanaonakili makala nilitumia njia nyingine, ambayo hadi leo ndiyo ninayoipenda zaidi. Katika kila makala ndefu huchagua sentensi moja ambayo mtu mwingine hawezi kuiandika kwa bahati tu, nikaifunga katika alama za kunukuu na kuifanya arifa. Sentensi ya kwanza haifai, kwa kuwa mwizi mwenye akili hubadilisha mwanzo; mimi huchukua ya katikati, kama ile inayoeleza kwa nini nashika bomba la moshi la kutulizia nyuki kwa mkono wa kushoto.

Arifa ya mwisho niliifungua karibu kwa mzaha. Niliandika neno site, nukta pacha na anwani ya tovuti yangu bila kuacha nafasi, ili itafute ndani ya tovuti yangu pekee, kisha nikaongeza maneno mawili yasiyo na uhusiano wowote na nyuki: vidonge na kamari, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yakitenganishwa na OR ili lolote kati yake litoshe. Kwa miezi kadhaa haikuleta kitu. Kisha asubuhi moja ikaleta kurasa nne, zote chini ya anwani yangu, zikinadi dawa za nguvu za kiume kwa bei ya kutupa.

Nilipobofya wa kwanza, niliambiwa ukurasa haupo, na nusura niipuuze barua ile. Bahati nzuri nilikuwa nimeisajili tovuti kwenye Search Console, huduma ya Google ambako mwenye tovuti anaweza kukagua anwani moja moja na kuona kile ambacho roboti ya Google, yaani programu yake inayopitia kurasa, ilionyeshwa. Huko ukurasa ulikuwapo, umejaa matangazo kuanzia juu hadi chini. Baadhi ya wavamizi hufanya hivyo makusudi: roboti ya utafutaji huonyeshwa takataka, na mwenyewe akipita asione kitu.

Walikuwa wameingilia kwenye programu-jalizi (kijiprogramu cha nyongeza) ya fomu ya mawasiliano ambayo sikuisasisha kwa muda mrefu. Lakini kilichoniuma si hicho. Search Console huwaarifu wamiliki kwa barua pepe pale mmiliki mpya anapoongezwa, na barua ya namna hiyo, yenye anwani ya mtu nisiyemjua, ilikuwa imefika siku 19 kabla. Ilikuwa imelala katika folda niliyoitengeneza kwa mikono yangu wakati wa mafuriko ya mizinga 21, ili kila arifa iende huko isinisumbue. Nilifuta faili la uthibitisho walilopandikiza ili Google iwatambue kuwa wamiliki, nikamwondoa mmiliki wao, nikabadilisha nywila zote, nikasasisha kila kitu na kuzifuta zile kurasa.

Baada ya hapo niliivunja folda ile. Kutajwa kwa jina na sentensi zangu huja mara moja kwa wiki, kwa sababu makala iliyoibwa inaweza kusubiri hadi Jumapili. Zinazohusu usalama huingia moja kwa moja katika kisanduku kikuu, na ni chache kiasi kwamba nikiona moja natega sikio. Nimeongeza pia huduma inayoikagua tovuti kila baada ya dakika tano, ila nimeiagiza inyamaze mpaka ikose jibu mara mbili mfululizo, maana iliwahi kuniamsha usiku wa manane kwa hitilafu ya sekunde chache. Cheti cha usalama, ambacho kwangu hudumu siku 90, nakiwekea ukumbusho mwenyewe tangu Let's Encrypt, wanaonipa cheti hicho, waliposimamisha barua zao za kukumbusha mwezi Juni 2025.

Sasa arifa zangu ni saba. Ile ya vidonge na kamari ililia tena mwezi uliopita, nikaacha chai na kukimbilia kompyuta. Ilikuwa makala yangu mwenyewe, iliyosema kuwa kuhamisha kundi la nyuki wakati wa mvua ni kamari.